Hotuba ya Mgodi wa Nakham

Mwaka ambao Chama kiliamua maisha ya Ndugu Bounthavy yaandikwe kitabu, kazi hiyo ilimwangukia Inpeng, na hakuna mtu katika Vientiane nzima, mji mkuu wa Laos, aliyestahili zaidi yake wala asiyefaa kuliko yeye. Alistahili kwa sababu alimjua Bounthavy tangu ujana wao. Hakufaa kwa sababu kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa akimwonea wivu, na wivu ule alikuwa ameishi nao kama mtu anavyoishi na jino bovu, haling'oki wala haliui.

Barua ya uteuzi aliisoma mara mbili, akampa mkewe Thongvanh, aliyekuwa akitwanga papai bichi na pilipili uani.

"Kitabu chake," alisema Inpeng. "Mimi ndiye wa kukiandika."

Thongvanh hakuacha kutwanga. "Na wewe chako atakiandika nani?"

"Usianze, mama Keo."

"Sijaanza. Nimeuliza. Mtu akiuliza nyumba hii anaambiwa usianze."

Inpeng alikunja barua akaingia ndani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Ofisini walimwita Mwalimu. Bounthavy mwenyewe, waziri na mjumbe wa Kamati Kuu, hakuwahi kumwita vingine ila kaka, kwa kuwa Inpeng alimzidi miaka mitatu. Hata mbele ya wageni wa nje: "Huyu ni kaka yangu Inpeng." Wageni walitabasamu, wakaendelea kumtazama Bounthavy. Neno lile "kaka" lilimchoma Inpeng kuliko tusi. Kaka gani anakaa mstari wa tatu mikutanoni?

Mambo yalianza mwaka elfu moja mia tisa thelathini na saba, kwenye mgodi wa bati wa Nakham, kati ya miamba ya chokaa ya kusini. Inpeng alikuwa karani, mtoto wa mwalimu wa Savannakhet, anajua Kifaransa cha kuandika na cha kusema. Bounthavy alikuwa kibarua wa kuvuta toroli, kifua wazi, hajui hata herufi ya jina lake. Jumapili, watu wakilala au wakicheza kamari, Inpeng alimfundisha kusoma nyuma ya jiko la mgodi, kwa mkaa juu ya gunia. Karatasi ya kwanza ya siri iliyopita mikononi mwa wafanyakazi wa Kivietinamu ilipomfikia Inpeng, ni yeye aliyemsomea Bounthavy. Ni yeye aliyemweleza maana ya neno mgomo. Mwaka uliofuata, wafanyakazi walipochoka, ni Inpeng aliyekaa siku tatu akaandika hotuba ya kurasa nne.

Lakini hakuisoma yeye. Karani akionekana jukwaani mkate wake umekwisha, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa bata. Alimpa Bounthavy. Asubuhi ya mgomo yeye alikuwa ofisini, dirisha limefungwa, kalamu mkononi. King'ora cha kushuka shimoni kililia. Kimya. Kikalia tena. Kimya. Hakuna mtu aliyeshuka. Inpeng akawa anafuatisha moyoni: sasa yuko aya ya tatu, sasa yuko kwenye "wana wa ardhi iliyokanyagwa", sasa wanalia. Alitetemeka kwa furaha, kalamu ikamwaga wino juu ya daftari la Wafaransa.

Wiki hiyohiyo Bounthavy alifungwa miaka mitatu. Inpeng hakuguswa.

Na hapo ndipo wivu ulipotia mizizi, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angeona haya kuutia. Alikionea wivu kile kifungo. Gerezani, huko milimani, Bounthavy alikutana na watu wa Chama, akafundishwa siasa na watu waliosoma. Alipotoka alikuwa na makovu mgongoni na jina midomoni mwa watu. Inpeng alikuwa na dawati lake tu. "Wamemshangilia kwa maneno yangu," alijiambia. "Wamemfunga kwa maneno yangu. Hata makovu yale, ukitazama sawasawa, ni yangu."

Kuanzia hapo Bounthavy alipanda ngazi na Inpeng akawa mtu wa kuishikilia isiteleze. Walivuka mto Mekong pamoja kukimbia Wafaransa. Bounthavy akachaguliwa kamanda, Inpeng akapewa kuandika vipeperushi. Wakaingia porini, Bounthavy akaenda mikutanoni Hanoi, Inpeng akatunza mashine ya kupigia chapa isishike kutu. Wakaishi mapangoni mashariki ya Sam Neua miaka tisa chini ya mabomu ya Wamarekani; Bounthavy alikuwa na pango lake na mlango wa chuma, Inpeng aliandika taarifa za redio katika pango la watu ishirini na wanane, maji yakidondokea karatasi. Vita vikaisha, wakaingia Vientiane. Mmoja akapewa nyumba mtaa wa Kilomita Sita, walikokuwa wakikaa Wamarekani, na uani kuna majani ya kukatwa kwa mashine. Mwingine akapewa vyumba viwili karibu na soko la asubuhi.

Sasa akapewa kitabu.

Aliyekuwa akisimamia kitabu ofisini ni Ndugu Latsamy, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amesomea Hanoi, mkali, haraka, penseli nyekundu imechomekwa kwenye kifundo cha nywele. Alimpenda Inpeng kwa namna vijana wanavyopenda nyumba za kale.

"Mwalimu, sura ya mgomo ndiyo moyo wa kitabu," alimwambia. "Nenda Nakham. Tafuta waliokuwepo kabla hawajatuishia. Tunataka hotuba ile, neno kwa neno."

Inpeng alikaribia kucheka. Hotuba ile neno kwa neno ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya sanduku la bati, nakala aliyoiweka kando tangu siku aliyoiandika. Aliipitisha mipakani, porini, mapangoni. Keo alipozaliwa, mafuriko yaliingia nyumbani. Inpeng alibeba sanduku kwanza, mtoto akabebwa na mamaye. Thongvanh hajasahau hadi leo.

Alikwenda Nakham. Siku mbili juu ya lori la chumvi, mgongo wote umekuwa ngoma. Njiani alipanga jinsi itakavyokuwa. Wazee watanukuu mistari yake. Ataiandika ilivyo, kisha ataongeza sentensi moja tu: kwamba hotuba iliandikwa na karani kijana wa mgodi. Jina hataweka. Wenye akili wataelewa.

Wa wakati ule walikuwa wamebaki watatu. Mmoja alikuwa kiziwi, wa pili alikumbuka mvua tu. Wa tatu alikuwa bibi Oun, aliyekuwa mpishi wa vibarua, mwenye meno meusi ya tambuu na macho makali. Alimkaribisha Inpeng kwenye mkeka, akamwekea kikapu cha wali wa kunata na bakuli la samaki wa kuchachushwa.

"Wewe nakujua," alisema. "Wewe ni yule karani. Ulikuwa unakula kwa kijiko."

"Ni mimi, mama."

"Ulikuwa mtanashati. Wasichana wa jikoni walikuwa wanasema, yule akinitazama nazimia. Hukutazama mtu. Ulikuwa unatazama karatasi."

Inpeng alifungua daftari. "Mama, nataka kujua hotuba ya Ndugu Bounthavy siku ile ya mgomo. Alisema nini?"

"Hotuba?" Bibi Oun alitema tambuu kwenye kopo. "Hotuba gani? Alisema maneno machache akakaa chini."

"Alisoma karatasi."

"Hakusoma."

"Mama, alikuwa na karatasi. Kurasa nne."

"Karatasi alikuwa nayo, sikatai. Aliitoa mfukoni, akaifungua, akaitazama hivi, uso umemvimba kama mtu aliyemeza mfupa. Akaikunja akairudisha. Kwani alikuwa anajua kusoma yule? Alikuwa anajua 'ng'ombe' na 'mpunga'."

Inpeng aliona mkeka unamsogea. "Basi alisema nini?"

Bibi Oun alisogeza kopo la tambuu. Alipoanza, sauti yake ilishuka, haikuwa tena ya masihara.

"Siku tatu kabla, shimo lilikuwa limemwangukia Kieng. Unamkumbuka Kieng? Humkumbuki. Tulimzika kwenye gunia la madini, kwa kuwa bwana mkubwa alikatalia mbao. Bounthavy akasimama juu ya toroli, akasema: 'Tumemzika Kieng ndani ya gunia. Gunia lina jina la kampuni. Mimi nauliza, Kieng alikuwa mtu wetu au mzigo wao?' Watu kimya. Akasema: 'Mimi leo sishuki. Mwenye watoto akishuka sitamlaumu. Mimi sishuki.' Akateremka kwenye toroli, akakaa chini, kwenye tope lile. Ndiyo hotuba. King'ora kikalia. Mzee mmoja wa Kivietinamu akaenda akakaa pembeni yake. Kisha mwingine. Nikaacha sufuria yangu nikaenda kukaa na mimi, na mimi si wa shimoni. Tulikaa watu mia nne."

Inpeng alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuwa ameandika kitu.

"Na karatasi?" aliuliza.

"Askari walipokuja aliitafuna."

"Aliitafuna?"

"Yote. Nne zote. Nilimpa maji ateremshie, macho yanamtoka. Nikamwambia, we mjinga, si uitupe tu? Akaniambia, mwandiko unajulikana." Bibi Oun alimtazama Inpeng kwa makini, kama mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza. "Walimpiga siku mbili pale ghalani. Tulikuwa tunasikia. Nani kaandika ulichokula? Nani kaandika ulichokula? Hakusema." Akasogeza kikapu. "Kula, mwanangu. Umekuwa rangi ya majivu."

Lori la kurudi lilijaa mkaa, na Inpeng alikaa juu ya magunia siku mbili bila kusema na mtu. Angeona aibu, lakini aibu haikupata nafasi, wivu ulikuwa umejaa pote. Zamani alikuwa na haki ya kuona wivu. Alikuwa mtu aliyeibiwa. Sasa hakuibiwa. Hotuba yake haikuwahi kusikiwa na mtu yeyote duniani. Miaka arobaini na mmoja alikuwa amedai shamba ambalo hakulima. Na yule mtu, pamoja na kila alichokuwa nacho, alikuwa na hili pia: maneno yake mwenyewe, machache, mazuri. Inpeng, mtu wa maneno, hangeyapata hata akikaa juu ya karatasi mwaka mzima.

Latsamy aliposoma sura ya mgomo, ambayo Inpeng aliiandika kama bibi Oun alivyosimulia, aliitoa penseli nyekundu nyweleni.

"Mwalimu, hii haiwezekani. Kiongozi wa mapinduzi anasema 'mimi sishuki' anakaa matopeni? Nadharia iko wapi? Tabaka la wafanyakazi liko wapi?"

"Lilikuwa limekaa matopeni."

"Bibi kizee amesahau. Lazima palikuwa na hotuba. Kila historia ya mgodi ule inataja karatasi." Akainama mezani, sauti ikalainika. "Kama imepotea, wewe ni mwandishi. Tuandikie inavyopaswa kuwa. Kitu chenye moto."

Inpeng akajisikia akisema, kabla hajajizuia: "Enyi wana wa ardhi iliyokanyagwa, mikono inayochimba bati ndiyo itakayochimba kaburi la dhuluma."

Latsamy alishika kifua. "Umeona? Hiyo! Hiyo hasa! Umeitoa wapi?"

"Nitakuletea," alisema Inpeng.

Alifika nyumbani, akafungua sanduku, akakaa na zile kurasa nne magotini. Wino ulikuwa umekuwa wa kahawia. Thongvanh alikuja akasimama mlangoni na nguo za kuanika begani. Inpeng akamweleza yote, ya bibi Oun na ya Latsamy. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi wape," alisema. "Maisha yako yote umetaka maneno yako yasomwe. Yasomwe. Watoto wa shule watayakariri."

"Watakariri kwamba ni yake."

"Si ulishasema siku zote kwamba ni yake kwa jina na yako kwa haki? Tofauti ni nini?"

Inpeng alizikunja kurasa akazitia mfukoni. Alivaa viatu akapanda baiskeli kwenda Kilomita Sita.

Alimkuta Bounthavy nyuma ya nyumba, kwenye majani yale ya Wamarekani. Alikuwa ameyalima yote, akapanda pilipili na mchaichai. Figo zilikuwa zinamsumbua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapalilia kwa kijembe kidogo, uso umevimba kwa maji.

"Kaka! Umekuja kuniandika au kunisaidia?"

"Nimetoka Nakham. Nimeonana na Oun."

"Yu hai? Mwanamke yule! Bado anatukana?"

"Ameniambia ulichokula."

Kijembe kilisimama. Bounthavy alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa.

"Ilikuwa karatasi ngumu," alisema. "Ya ofisini. Ungeandika kwenye karatasi ya sigara, kaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Nilipotoka gerezani ulinikumbatia ukaniambia, 'hotuba yetu iliwatikisa.' Yetu. Nikaona macho yako yanavyong'aa. Nikasema moyoni, ya nini kumzimia mtu taa?"

"Kwa hiyo ulinionea huruma. Miaka yote hii."

"Nilikupenda. Wewe ndiye uliyeniambia herufi ni nini."

"Usinipende!" Sauti nyembamba ya Inpeng ilipasuka, na mlinzi kule getini akageuza shingo. "Ungeniambia ningekuwa mtu mwingine. Nimekaa miaka arobaini nakudai. Nikikuona unapigiwa makofi nasema, yangu yale. Ukipewa nishani, yangu ile. Nimekuchukia, Bounthavy. Nimekula chumvi yako nikakuchukia."

Bounthavy alipangusa kijembe kwenye suruali. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Kaka, tumeishi pangoni. Pangoni mtu anajua hata nani kaota nini." Akajaribu kusimama, akashindwa, akabaki palepale. "Na mimi nikueleze. Ile karatasi niliijaribu. Wiki nzima nilijifunza ukurasa wa kwanza. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Mengine nimekuja kuyaelewa Hanoi, yalikwisha kuoza tumboni. Siku ile nilisimama pale nikaona aibu, watu wamenitazama, mimi nina maneno mazuri ya mtu mwingine na sijui kuyasoma. Nikataja Kieng kwa kuwa sikuwa na lingine. Unafikiri nilikuwa shujaa? Nilikaa chini kwa kuwa miguu ilikuwa inatetemeka."

Inpeng alitoa zile kurasa nne mfukoni. "Latsamy anataka niweke hii."

Bounthavy alizipokea, akazisogeza mbali na macho, akasoma ukurasa wa kwanza wote polepole, midomo ikicheza. Akazirudisha.

"Ni nzuri," alisema. "Weka unayotaka."

"Niambie wewe. Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye kaka. Kitabu ni chako."

Inpeng alirudi akiendesha baiskeli kwa hasira, maana alikuwa ametarajia amri, akapewa hiari. Akiweka hotuba yake, yule ataonekana msemaji mkubwa. Akiweka ya bibi Oun, yule ataonekana mkubwa zaidi. Kote kuwili mshindi ni mmoja. Alifika njia panda ya soko, akasimama mguu mmoja chini, na watu wa mikokoteni wakimpigia kelele aondoke, ndipo alipojua atakachofanya. Wala hakikutoka mahali pa wema, na yeye mwenyewe hakujidanganya. Alijua tu kwamba hawezi kuvumilia. Maneno yake yale, aliyoyabeba kabla ya mtoto wake, asingeyatia kinywani mwa mtu yule mara ya pili.

"Ya Oun inabaki," alimwambia Latsamy kesho yake. "Ama hivyo, ama tafuta mwandishi mwingine."

"Na ile ya wana wa ardhi? Uliniahidi!"

"Ile haikusemwa. Iliandikwa na karani mmoja aliyekuwa amejifungia ofisini."

Latsamy alimtazama, penseli imesimama hewani. Alikuwa na akili. Hakuuliza karani gani. Alipeleka sura juu kama ilivyo, na ikarudi na alama ya tiki na saini ya waziri, Bounthavy mwenyewe.

Kitabu kilitoka mwisho wa mwaka, karatasi duni, jalada jekundu, bila jina la mwandishi, kama desturi. Ukurasa wa Kieng ukasomwa redioni. Watu waliokuwa wamepanga foleni ya mchele kwenye duka la serikali walinyamaza wakasikiliza, na mwanamke mmoja, hamjui Inpeng, akamgeukia akasema, "Mtu huyu Bounthavy, jamani. Mtu huyu!" Inpeng akasema ndiyo, akasogea mbele hatua moja.

Wakati wa chakula cha jioni aliweka bonge la wali mdomoni akalisukuma shavuni.

"Bado," alimwambia Thongvanh.

"Bado nini?"

"Bado namwonea wivu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa mkewe. Thongvanh alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Nimeolewa nawe miaka thelathini na mitano," alisema, "ndiyo kwanza unaniambia tuna mke mwenza?"

Naye Inpeng, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akacheka, wali ukampalia.

Msimu wa mvua uliofuata, figo zilimzidi Bounthavy. Inpeng alikuwa akienda kila Jumapili kupalilia pilipili, mgonjwa akielekeza kutoka kwenye kigoda na kulalamika kwamba anakata mizizi. Hawakuzungumza tena juu ya hotuba. Alipokufa, serikali ilimpa mazishi makubwa penye hekalu kuu la That Luang, na Inpeng alipewa kiti mstari wa kwanza, kwa wosia wa marehemu. Alikaa pale na bado moyo ulimuuma alipoona umati ule, na alilia pia, na asingeweza kukuambia chozi lipi ni la kipi.

Aliishi miaka kumi na miwili zaidi. Wanafunzi walikuwa wakija na daftari zao, wanataka asimulie siku ya mgomo wa Nakham, maana waliobaki walikuwa wamekwisha. Aliwaketisha mkekani, akaanza hivi kila mara:

"Mimi sikuwepo. Nilikuwa ofisini, dirisha nimelifunga. Niliogopa. Sasa sikilizeni aliyekuwepo alichoniambia."

Kisha akawatajia Kieng, na gunia, na bibi Oun aliyeacha sufuria yake jikoni akaenda kukaa matopeni.